Usiweke Dole Gumba Kwanza: Tahadhari kwa Walezi wa Kinango

Wewe unayemlea mtu mzima mwenye ulemavu, uwe Ndavaya, Puma, Samburu, Kasemeni, Mackinnon Road au hapo Kinango mjini, maneno haya ni yako. Akija mtu na makaratasi ya kampuni akakwambia kwamba wana nyumba nzuri Diani au Ukunda, kwamba watamchukua mwanao au ndugu yako akaishi huko na wasaidizi wa kumtunza usiku na mchana, na kwamba hulipi hata senti, usiweke dole gumba siku hiyo. Usimpe kitambulisho cha mtu wako. Usimpe kadi yake ya Inua Jamii wala kadi ya ulemavu. Mkaribishe maji ya kunywa, mwambie arudi baada ya wiki mbili, na katika wiki hizo fanya kazi nitakayoieleza mbele. Mwenye nia njema atarudi.

Simtuhumu mtu, wala hapa hapatajwi kampuni yoyote ya Kwale. Naandika mapema kwa sababu mlango uko wazi, na kila anachohitaji mtu mbaya ili aingie kipo tayari: ukame uliomaliza mifugo, wazazi wanaozeeka, wafadhili wanaotafuta mradi wa kutolea pesa, na sheria ambayo haijafika kwenye lango la nyumba za namna hiyo. Sisi watu wa pwani tuna tabia mbaya ya kusubiri makaburi. Shakahola, huko Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa dhehebu moja Aprili 2023, na kabla kazi haijasimama walikuwa wametoa miili zaidi ya 400. Wale hawakuingia msituni kwa siku moja. Waliingia familia kwa familia, na jamaa zao walikuwa wakiuliza wako wapi.

Nasema mtu mzima kwa makusudi. Mtoto mwenye ulemavu, hata akiwa na shida nyingi, ana watu wa kumtazama: mwalimu wa shule maalum na afisa wa watoto. Akitimiza miaka 18 wote hao wanamalizana naye. Anarudi uani kwa mama yake, na hapo ndipo anapokaa miaka 20 au 30 inayofuata. Kama ana mtindio wa ubongo na hawezi kujigeuza, mama anamgeuza. Na mwenye miaka 30 ana uzito wa mtu mzima, si wa mtoto uliyekuwa ukimbeba mgongoni kwenda kliniki. Mama naye ana miaka 60 na kitu. Alfajiri anachagua: amwoshe kwanza na jua limkute njiani, au aende bwawani kwanza na arudi amkute amelala kwenye mkojo wake. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na kila msimu ulipokosa mvua, maji yalisogea mbali zaidi na uani.

Serikali inampa mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, ikiwa amesajiliwa na ikiwa pesa zimetoka. Zinanunua unga, sabuni na dawa za kifafa za siku chache. Kwa hiyo sitamlaumu mama atakayesema ndiyo. Anayekuja na makaratasi atamkuta amechoka, na uchovu huo ndio atakaoanza nao mazungumzo.

Nitayaandika maneno yake kama yatakavyokuja, ili ukiyasikia uyatambue.

"Mama, pole na kazi. Tumesikia habari za kijana wako kwa mzee wa mtaa. Wewe umefanya sehemu yako, sasa pumzika. Kwetu kila mtu ana kitanda chake, anakula mara tatu, daktari anakuja. Na hulipi kitu."

"Na nikitaka kumwona, mwanangu?"

"Utapigiwa simu, mama. Mwanzoni tunamwacha miezi mitatu azoee bila kuona watu wa nyumbani, maana akikuona atalia. Weka dole hapa, na hapa."

Miezi mitatu bila kuonana. Ukisikia hilo, mazungumzo yamekwisha. Hakuna sababu ya kitabibu wala ya malezi inayotaka mtu mzima afichwe na ndugu zake kwa miezi mitatu. Kinachohitaji muda wa namna hiyo ni vidonda kupona, mtu kusahau njia ya kwao, au jina lake kuhamishwa kutoka kitabu kimoja kwenda kingine.

Wapo watakaosema napinga maendeleo, kwa hiyo niliweke hili wazi. Kuishi kwa kusaidiwa ni wazo zuri, na ni haki. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 19 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, na apate usaidizi wa kuishi katikati ya jamii. Maana yake kwa vitendo ni hii: ana chumba chake na ufunguo wake. Anayemsaidia kuoga, kupika au kwenda hospitali ni mfanyakazi, na akimtesa anaweza kubadilishwa bila yeye kupoteza mahali pa kulala. Anatoka kwenda sokoni, msikitini, kanisani, kwa shangazi. Jirani anamjua kwa jina. Huko Nyahururu kuna jumuiya ya L'Arche ambako watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanaishi nyumba moja. Mfumo huo ulianzishwa Ufaransa mwaka 1964 na Jean Vanier, mtu aliyesifiwa dunia nzima kama mtakatifu. Mwaka 2020, baada ya yeye kufa, L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi kwamba alikuwa amewadhulumu wanawake kingono kwa miaka mingi. Walioumizwa, kwa mujibu wa uchunguzi ule, hawakuwa wenye ulemavu, na jumuiya nyingi zinaendelea na kazi njema. Nimeitaja habari hiyo kwa sababu moja: walioagiza uchunguzi walikuwa L'Arche wenyewe, na wakayatoa matokeo hadharani. Nyumba isiyokubali kuchunguzwa, hata iwe na sifa gani, iogope.

Sasa hatari inaingilia wapi? Inaingilia kwenye karatasi. Mtu akikuonyesha cheti cha usajili wa kampuni chenye nembo ya taifa, unaona serikali imemkubali. Cheti kile kinatolewa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015, na kinaombwa kwa eCitizen. Kinathibitisha kwamba jina la kampuni limeandikishwa na ina wakurugenzi. Hakisemi kama kuna mtu aliyekwenda kuona vyoo, wala kama anayelala zamu ya usiku anajua kumsaidia mtu aliyeshikwa na kifafa. Kampuni ya kuuza saruji ina cheti hichohicho. Leseni ya biashara ya kaunti nayo ni ruhusa ya kufanya biashara, basi.

Kwa watoto tulishaamka. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Makao ya watoto yana watu wa kuyakagua na sheria ya kuyafunga. Kwa mtu mzima hakuna ukaguzi uliozoeleka wa namna hiyo. Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, na ni hatua kubwa. Lakini sheria iliyotiwa saini Nairobi si afisa aliyegonga lango la nyumba yenye ukuta mrefu Diani saa mbili usiku. Fikiri sasa kama mfanyabiashara asiye na huruma. Kwenye watoto wanakukagua. Kwenye watu wazima wasiosema, hawakukagui, na wafadhili ni walewale. Utahamia wapi?

Yaliyowapata wengine tunayajua, na nitakaa kidogo kwenye mawili.

Katika jimbo la Iowa, Marekani, kuna kijiji kidogo kiitwacho Atalissa. Kuanzia miaka ya 1970 kampuni moja ya Texas, Henry's Turkey Service, ilichukua wanaume wenye ulemavu wa akili kutoka taasisi za serikali huko Texas, ikawapeleka Atalissa na kuwaweka kwenye jengo kuukuu lililokuwa shule. Ahadi ilikuwa ileile: makazi, kazi, maisha ya kujitegemea. Usiku haujaisha walikuwa wanaamshwa kwenda kiwanda cha kuchinja bata mzinga, kutoa matumbo ya ndege mkandani. Walilipwa dola 65 kwa mwezi. Haikujali mtu amefanya kazi miaka mingapi: dola 65. Pesa nyingine kampuni ilikata kuwa ni za chakula na malazi. Na ruzuku ya serikali ya watu wenye ulemavu, ile ambayo kwetu ni Inua Jamii, haikuingia mikononi mwao, kwa sababu kampuni ilikuwa imejiandikisha kuwa mpokeaji kwa niaba yao.

Hayo yaliendelea zaidi ya miaka 30. Wanakijiji waliwajua wanaume wale. Waliwaona kanisani, waliwapungia mkono kwenye maandamano ya sikukuu. Gazeti la jimbo liliwahi kuuliza maswali mwaka 1979, yakapita. Mwaka 2009 dada wa mmoja wao alipofuatilia akiba ya kaka yake, aliyekuwa anakaribia kustaafu baada ya miongo mitatu ya kazi, alikuta dola 80. Ndipo wakaguzi walipoingia kwenye jengo wakakuta mende, joto la kupashia nyumba halifanyi kazi katikati ya baridi ya Februari, na madirisha yamezibwa. Waliohojiwa walieleza kupigwa mateke na kutembezwa wakizunguka huku wamebeba mizigo kama adhabu. Mei 2013 baraza la mahakama liliwapa wanaume 32 dola milioni 240. Sheria ya huko ina kikomo cha fidia, kwa hiyo hukumu ikapunguzwa hadi dola milioni 1.6.

Tazama jinsi ilivyofungwa. Mwenye nyumba, mwajiri, mpokea ruzuku na msimamizi walikuwa mtu mmoja. Mzee akitaka kulalamika kuhusu mshahara, anamlalamikia mwenye kitanda chake. Mpangilio huo ukiuona mahali popote, hata kwa watu wenye tabasamu na fulana za mradi, umeuona ubaya kabla haujatendeka.

La pili liko Afrika, na lilifanywa na serikali yenyewe. Mwaka 2015 Idara ya Afya ya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, ilivunja mkataba wake na Life Esidimeni, kampuni binafsi iliyokuwa ikiwatunza watu wenye maradhi ya akili na ulemavu mkubwa wa akili. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kupendeza: kuokoa pesa, na kuwatoa watu kwenye taasisi kubwa wakaishi karibu na jamii. Kampuni ilikuwa ikilipwa randi 320 kwa mtu kwa siku. Vile vijishirika vilivyopewa wagonjwa viliahidiwa randi 112, na baadhi vilikaa miezi bila kulipwa hata hizo. Zaidi ya watu elfu moja walihamishwa. Ushahidi uliotolewa baadaye ulisimulia waliosafirishwa kwenye pikapu wamefungwa kwa mashuka, na wenye nyumba waliokuja kuchagua wagonjwa kama wanunuzi wa mnada wa ng'ombe. Familia nyingi hazikuambiwa mtu wao amepelekwa wapi. Wengine walizunguka wiki nzima kutoka nyumba hadi nyumba, na wengine walioneshwa mwili.

Walikufa watu 144. Walikufa kwa njaa, kwa kiu, kwa baridi, kwa dawa zilizokatika. Msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, alitoa ripoti Februari 2017 na kukuta mashirika yote 27 yaliyohusika yalifanya kazi kwa leseni zisizo halali. Machi 2018 jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesuluhisha kesi hiyo, aliamuru familia zilipwe randi milioni 1.2 kila moja. Leseni zilikuwepo, jamani. Mtu wa Kinango angeziona angeamini.

Uingereza, wenye wakaguzi kwa kila kitu, nao hawakunusurika. Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol, ilikuwa ikitoza wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ilionyesha wafanyakazi wakiwapiga na kuwamwagia maji watu wenye ulemavu wa akili. Wafanyakazi 11 walipatikana na hatia. Muuguzi mmoja alikuwa ameshawaonya wakaguzi kabla, na hawakufuatilia.

Na tusijidanganye kwamba hayo ni ya mbali. Mwaka 2022 BBC Africa Eye ilifichua jinsi watoto wenye ulemavu walivyochukuliwa Tanzania, wazazi wakiahidiwa maisha bora, wakaletwa Nairobi na kukalishwa barabarani kwenye viti vya magurudumu kuombaomba, na jioni pesa zote zikachukuliwa. Kwale ina mpaka na Tanzania hapo Lunga Lunga na Vanga. Kutoka Kinango hadi Mombasa ni safari ya asubuhi moja. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na kumpa mzazi pesa ili akubali kumtoa mtu anayemsimamia, kwa ajili ya kumnyonya, kumo ndani ya kosa hilohilo. Kwa hiyo akikupa shilingi 5,000 za "asante", ujue anakununulia nafasi yako kizimbani.

Turudi Kinango, kwa sababu hapa kuna vitu vitatu vya thamani ambavyo mlezi anaweza kuvitoa bila kujua.

Cha kwanza ni hizo 2,000. Mtu mwenye ulemavu mkubwa hupokelewa pesa na mlezi aliyeandikishwa. Ukibadilisha jina la mlezi likawa la mfanyakazi wa kampuni, umefanya kilichofanyika Atalissa. Kidogo? Zidisha kwa watu 40, kisha kwa miezi 12: ni shilingi 960,000 kwa mwaka.

Cha pili ni ardhi. Mtu asiyesema ni mrithi sawa na ndugu zake. Mashamba mengi ya Kinango bado yako kwa jina la babu, au hati ndiyo kwanza inatoka, na kila anayesoma ramani ya reli na barabara ya Mariakani anajua bei inakoelekea. Karatasi yoyote inayotaja shamba, urithi au uwakilishi wa kisheria haina kazi yoyote katika mkataba wa malezi. Ikionekana humo, chukua karatasi yote uende nayo kwa wakili au kwa chifu. Na hapa nawasema pia ndugu: wapo watakaofurahi ndugu yao achukuliwe mbali ili kikao cha shamba kiwe chepesi. Mnajijua.

Cha tatu ni picha. Mtu wako akipigwa picha akiwa uchi nusu, na mate mdomoni, ikapelekwa kwa wafadhili, ile picha ndiyo biashara. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda sura yake na habari za afya yake. Una haki ya kusema hapana, na hapana hiyo isimnyime huduma. Anayesema bila picha hakuna kitanda amekueleza yeye anauza nini.

Sasa zile wiki mbili. Anza na majina. Kwenye eCitizen mtu anaweza kuomba hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi wa kampuni ni nani. Kijana wa saiba atakufanyia. Kama wakurugenzi hawajulikani na mtu yeyote unayemwamini, au anayekuja kwako si mmoja wao wala hana barua yao, simama. Kisha nenda ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ya Kwale, uulize swali moja: nyumba hii mnaijua? Tangu sheria ya 2003 Baraza lina jukumu la kusajili taasisi zinazowahudumia watu wenye ulemavu. Uliza pia kwa afisa wa ustawi wa jamii. Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Halafu nenda ukaione nyumba kwa macho yako, na usitoe taarifa. Usiende saa nne asubuhi wageni wanapopokelewa. Fika jioni wakati wa chakula. Angalia mlango wa chumba cha kulala: komeo liko ndani au liko nje? Komeo la nje ni gereza, hata godoro liwe jipya. Hesabu vitanda, hesabu watu. Uliza nani analala zamu ya usiku na wako wangapi, na nani anawaogesha wanawake. Omba kuona daftari la dawa; mtu wa kifafa akikosa dawa siku mbili tu anaweza kufa, na nyumba isiyoandika nani kapewa nini haijui. Tazama visigino, mgongo wa chini na nyonga za wasioweza kutembea. Vidonda vya kulalia havidanganyi. Ongea na wanaoishi pale bila mkurugenzi kusimama pembeni. Na uliza waliokuwepo mwaka jana wako wapi. Swali hilo wengi hawaliulizi, na ndilo wasimamizi wabaya hawana jibu lake.

Ukiridhika, mpeleke mtu wako akalale usiku mmoja, urudi naye. Asiyesema ana namna yake ya kukataa, na wewe unaijua kuliko daktari yeyote: anavyokaza shingo, anavyokataa uji. Uamuzi ni wake pia. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, ubaki na nakala, na useme mambo matatu bila kuzunguka: mnaweza kumtembelea siku yoyote saa yoyote, anaweza kuondoka siku yoyote bila deni, na pesa yake haipokelewi na kampuni. Kitambulisho kibaki nyumbani, nakala inatosha.

Kuna jambo linalouma ambalo haki inataka lisemwe. Nyumbani nako si salama kila mahali. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo au kamba katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo, na wengi walifungwa na jamaa zao. Mama anayemfunga kijana wake kamba mguuni ili aende kuchota maji anajua anachofanya, na hana mwingine wa kumwachia. Tukimwambia asimpe mwanawe kwa mgeni, halafu tusimpe hata saa mbili za jirani wa kukaa naye, tumemwachia mzigo wake na tumemwongezea woga. Wanawake wa chama kimoja wakipeana zamu za asubuhi, kamba inafunguliwa bila kampuni yoyote.

Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Kwale, msisubiri Nairobi. Mnaweza kutaka kila nyumba inayolaza watu wazima wenye ulemavu kwa malipo au kwa ufadhili iorodheshwe kwa jina na mahali, na isipewe leseni ya biashara kabla afisa wa afya ya umma na mtu mwenye ulemavu mwenyewe hawajaingia ndani. Machifu, mtu mzima mwenye ulemavu asiondoke kwenye lokesheni yako bila ofisi kuandika anaenda wapi na kwa nani. Wafadhili wa Diani, kabla ya kutuma pesa ulizeni hilo swali la komeo. Na kampuni za kweli, ambazo naamini zitakuja na tunazihitaji, msikasirike. Fungueni milango kabla hamjaombwa.

Kama gari limeshakuja na mtu wako ameshachukuliwa, na hujamwona kwa macho wala kusikia sauti yake, usingoje simu yao. Nenda leo na mtu mmoja wa kukushuhudia. Wakikukatalia langoni, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, sema unaripoti mtu mzima mwenye ulemavu aliyezuiliwa kuonana na familia, na usiondoke bila namba ya OB. Ukizungushwa hapo, nenda nayo ofisi ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, Mombasa.